Habari za Daktari Robert Koch na Vijidudu vya Magonjwa



Mwezi wa Mei mwaka 2015 makumi ya maelfu ya watu walikimbia machafuko ya Burundi wakafika Kagunga, kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kigoma, karibu na mpaka. Kijiji hicho kimebanwa kati ya milima na maji, wala hakikuwa na nafasi ya kupokea wageni wengi namna hiyo. Watu walilala ufukoni, wakachota maji ya kunywa ziwani, na haja zao wakazifanya karibu na maji yale yale. Mwezi ulikuwa haujaisha, na watu wapatao 3,000 walikuwa wamekwisha kuugua kipindupindu, na 31 walikuwa wamekufa. Meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi, ikiwachukua wakimbizi mpaka Kigoma.

Msiba ule ulikuwa mkubwa, walakini zamani ungalikuwa mkubwa kupita kiasi. Kipindupindu kilipopanda kwa njia za misafara mnamo mwaka 1870, kikafika Ujiji na kuvuka ziwa hata Manyema, hapakuwa na mtu aliyeweza kuthibitisha kinaletwa na nini. Mtu aliyezidiwa nacho, asipotibiwa, ni nusu kwa nusu kupona au kufa. Mwaka 2015 waganga walimjua adui yao ni nani, anakaa wapi, na anaingiaje mwilini. Kwa hiyo walitia dawa katika maji, wakachimba vyoo, wakawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari, na walio wengi wakapona.

Mtu aliyemthibitisha adui huyo ni Robert Koch. Tena yeye mwenyewe alifanya kazi katika nchi zetu hizi, na kazi yake ilileta mema na mabaya. Basi inafaa tuyajue maisha yake.

1. Utoto na masomo yake

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji mdogo wa wachimba madini katika milima ya Harz, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa msimamizi katika kazi ya madini, na mama yake alizaa watoto kumi na watatu. Yasemwa ya kuwa Robert alipokuwa na umri wa miaka mitano alikuwa amekwisha kujifundisha kusoma kwa kutazama magazeti ya baba yake. Alipenda kukusanya mimea, wadudu na mawe, na moyoni alitamani safari za nchi za mbali.

Mwaka 1862 aliingia chuo kikuu cha Göttingen akajifunza uganga. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle. Huyu alikuwa ameandika tangu mwaka 1840 ya kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo mno, ingawa hakuweza kumwonyesha mtu viumbe hivyo. Wengi wa waganga wa siku zile walishika mafundisho ya kale, ya kuwa magonjwa hutoka katika hewa mbaya na mvuke wa mahali pachafu. Koch alimaliza masomo mwaka 1866, akaoa mwaka 1867, akapata binti mmoja. Vita vya Ujerumani na Ufaransa vilipotokea mwaka 1870 alitumika kama mganga wa askari.

2. Mganga wa wilaya

Mwaka 1872 aliwekwa kuwa mganga wa wilaya ya Wollstein, mji ambao leo umo katika nchi ya Poland nao huitwa Wolsztyn. Ilikuwa kazi ya kawaida: kuzalisha, kufunga majeraha, kuchanja ndui. Hakuwa na maabara, wala wasaidizi, wala vitabu vingi. Alikuwa na hadubini, yaani chombo chenye vioo vya kukuza vitu visivyoonekana kwa macho, na sehemu ya chumba chake cha kupokelea wagonjwa aliitenga kwa uchunguzi wake.

Katika wilaya ile ng'ombe na kondoo walikufa kwa kimeta, na watu waliowachuna walikufa pia. Wengine walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama hao. Lakini je, vijiti ndivyo vilivyoleta ugonjwa, au ugonjwa ndio uliozaa vijiti? Tena ilikuwaje malisho yaliyoachwa miaka mingi yaendelee kuua?

Koch alichovya kibanzi cha mti katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akamchoma nacho panya mzima. Panya akafa, na damu yake ikaonekana imejaa vijiti vile vile. Akachukua damu ya huyo akamtia mwingine, na mwingine, na mwingine, na kila mara ikawa hivyo hivyo. Kisha akaviotesha vijiti hivyo nje ya mwili, katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akakaa akivitazama saa baada ya saa. Aliviona vikirefuka kuwa nyuzi, na ndani ya nyuzi zikatokea punje ndogo zing'aazo kama shanga. Punje hizo zilikuwa mbegu. Hazifi kwa jua wala kwa ukame, nazo hukaa udongoni miaka mingi hata ziingie katika mwili wenye joto, ndipo zichipuke tena kuwa vijiti. Hiyo ndiyo siri ya malisho yenye kuua. Na hii ndiyo sababu wafugaji hukatazwa hata leo kumpasua mnyama aliyekufa kwa kimeta, kwa maana damu yake ikipata hewa, mbegu hutengenezwa na kuenea katika nchi.

Mwaka 1876 alikwenda Breslau kumwonyesha mambo hayo Profesa Ferdinand Cohn, aliyekuwa mjuzi wa mimea na wa viumbe hivi vidogo. Mganga huyu wa kijijini asiyejulikana alifanya majaribio yake mbele ya wenye elimu, nao wakaona na kukubali. Mwaka ule ule Cohn alizichapa habari hizo katika gazeti lake la elimu.

3. Kuvipanga na kuvitia rangi

Hapa inafaa tusimame kidogo, tueleze vijidudu hivi ni nini. Kwa jina la elimu huitwa bakteria. Kila kimoja ni chembe moja tu, nacho huzaa kwa kugawanyika mara mbili. Vilivyo vingi havina madhara, na vingine vyatufaa, kama vile vigeuzavyo maziwa kuwa mtindi. Ni vichache tu viletavyo ugonjwa.

Mwaka 1872 Cohn alikuwa amevipanga kwa maumbo yao: vya mviringo kama shanga, vijiti vifupi, vijiti virefu kama nyuzi, na vilivyojipinda kama uzi wa parafujo. Lakini wengine walisema mpango huo ni bure, kwa kuwa kijidudu cha umbo moja hugeuka kuwa cha umbo jingine. Ubishi huu ulikuwa na maana kubwa. Kama kila kijidudu chaweza kugeuka kuwa chochote, hakuna ugonjwa wenye kijidudu chake, na mganga hawezi kujua apigane na nini. Koch alisimama upande wa Cohn, ila aliona kwamba maneno hayatoshi, lazima jambo lionekane.

Shida ya kwanza ilikuwa kuviona. Vijidudu ni vyeupe visivyo na rangi, na katika tone la maji ni kama maji ndani ya maji. Siku zile viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitengeneza rangi mpya za kutilia nguo, na waganga kama Carl Weigert walikuwa wameanza kuzitumia katika vipande vya mwili. Koch alifuata njia hiyo. Alipaka tone jembamba juu ya kioo, akalikausha, akalitia rangi, akalisuuza. Vijidudu vilishika rangi vikaonekana wazi, naye akavipiga picha kwa hadubini na kuzitangaza mwaka 1877, ili asiyeamini maneno yake atazame mwenyewe.

Mwaka 1884 mganga wa Denmark, Hans Christian Gram, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aligundua njia iliyobaki hata leo kuwa ya kwanza katika kila maabara. Kioo hutiwa rangi ya zambarau, kisha aidini, kisha huoshwa kwa spiriti. Vijidudu vyenye ukuta mnene huishika ile zambarau wala haitoki. Vyenye ukuta mwembamba huipoteza, navyo hutiwa rangi nyekundu baadaye ili vionekane. Vya kwanza huitwa Gram chanya, na kimeta ni mmojawapo. Vya pili huitwa Gram hasi, na kipindupindu kimo katika hivyo. Mganga akijua kijidudu ni cha upande gani na kina umbo gani, amekwisha kupunguza sana mashaka yake juu ya dawa itakayofaa.

Shida ya pili ilikuwa kuvitenga. Katika supu ya nyama vijidudu vya kila namna huchanganyika kama mbegu zilizomwagwa katika gunia moja. Koch, aliyeitwa Berlin mwaka 1880 kufanya kazi katika ofisi kuu ya afya ya serikali, aliona kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichopikwa huota madoa madogo, na kila doa ni la namna moja tu, kwa kuwa limezaliwa na kijidudu kimoja. Akatafuta kitu kigumu cha kuoteshea. Jelatini iliyeyuka kwa joto. Ndipo Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake mmoja, aliposhauri agari, itokayo katika mwani, ambayo mwenyewe aliitumia jikoni kugandishia vyakula vya matunda. Haikuyeyuka. Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Petri, alitengeneza kisahani chenye kifuniko cha kuwekea agari hiyo. Kisahani cha Petri na agari ya Bibi Hesse vingaliko katika maabara za dunia nzima.

4. Kifua kikuu

Katika Ulaya ya siku zile, mtu mmoja katika kila saba waliokufa alikufa kwa kifua kikuu. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kurithi au wa umaskini na huzuni. Koch alikitafuta kijidudu chake, lakini rangi za kawaida hazikukishika, kwa sababu kina ganda la mafuta kama nta. Alijaribu rangi ya buluu iliyotiwa magadi makali, kisha rangi ya kahawia juu yake, ndipo akaona vijiti vyembamba vya buluu. Alijaribu kuviotesha, na kwa siku nyingi hakuna kilichoota. Mwingine angekata tamaa, lakini yeye alingoja, na katika juma la pili vikaanza kuonekana juu ya majimaji ya damu ya ng'ombe yaliyogandishwa kwa moto. Akavitia katika wanyama wazima, nao wakapata kifua kikuu, na katika miili yao akavikuta vile vile.

Tarehe 24 Machi 1882 alizisoma habari hizi mbele ya waganga wa Berlin. Alipomaliza, hakuna aliyesimama kubisha. Kijana Paul Ehrlich, aliyekuwapo, akaitengeneza njia ya rangi iwe bora, na wengine wawili, Ziehl na Neelsen, wakaitimiza: rangi nyekundu hutiwa kwa moto, kisha tindikali huiondoa katika kila kitu isipokuwa vijiti vya kifua kikuu, kisha hutiwa buluu. Hivyo mgonjwa wa Kigoma au Kasulu anapoambiwa atoe makohozi katika kikopo, vijiti vyekundu katika uwanja wa buluu ndivyo vilivyotafutwa miaka mingi, ingawa leo ziko pia mashine zinazotambua upesi zaidi.

Katika kazi hii zilitokea kanuni zinazoitwa kwa jina lake, ambazo msaidizi wake Friedrich Loeffler naye alizipanga kwa maandishi. Kwanza, kijidudu kionekane katika kila mwenye ugonjwa ule. Pili, kitengwe na kuoteshwa peke yake. Tatu, kikitiwa katika mnyama mzima kilete ugonjwa ule ule. Nne, kipatikane tena katika mnyama huyo. Kabla ya hayo kutimia, mtu asiseme kwamba amekijua kisa cha ugonjwa.

5. Kipindupindu

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Koch akaenda Alexandria pamoja na wenzake. Wafaransa nao walipeleka waganga wao, na mmoja wao, Louis Thuillier, alikufa huko kwa ugonjwa ule ule aliokuja kuuchunguza. Ugonjwa ulipopungua Misri, Koch aliufuata Calcutta katika India, na huko, mwanzoni mwa mwaka 1884, alikitenga kijidudu chake, kijiti kilichopinda kama alama ya mkato. Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa amekiona tangu mwaka 1854, lakini wakubwa wa elimu hawakumsikiliza. Koch alikikuta katika matumbo ya waliokufa, na pia katika bwawa walimochota maji watu walioumwa.

Kanuni ya tatu haikutimia hapa, kwa sababu wanyama aliowajaribu hawakupata kipindupindu. Tena baadaye ilijulikana kwamba watu wengine huwa nacho bila kuumwa, nao huwaambukiza wenzao. Wabishi walishangilia. Lakini mwaka 1892 jibu lilipatikana Hamburg. Mji huo ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na watu zaidi ya 8,000 walikufa kwa kipindupindu. Mji wa Altona, uliopakana nao nyumba kwa nyumba, ulikunywa maji ya mto ule ule, ila yalipitishwa kwanza katika mchanga, nao ukapona karibu wote. Hewa ya miji hiyo miwili ilikuwa moja, lakini maji hayakuwa sawa. Sisi tunaokaa kando ya ziwa, ambako mvuvi huinama tu akanywa, tuna sababu ya kuikumbuka habari hii kuliko watu wengi.

6. Dawa iliyotangazwa kabla ya wakati

Sasa tufike mahali ambapo mtu huyu alijikwaa. Mwaka 1890 sifa zake zilikuwa zimejaa duniani, na taifa lake lilitaka makuu zaidi kutoka kwake. Mwezi wa Agosti, mbele ya mkutano mkuu wa waganga wa mataifa huko Berlin, alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu katika wanyama. Mwezi wa Novemba ilisemwa kuwa kinaponya watu. Hakutaka kueleza kimetengenezwa kwa nini.

Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa magari ya moshi, wengine wakichukuliwa vitandani, na nyumba za wageni zikajaa. Sisi tunaokumbuka mwaka 2011, jinsi magari yalivyopanga safu ndefu kwenda Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe, na jinsi wengine walivyoacha dawa zao za hospitali, hatuwezi kuwacheka watu wa Berlin. Mgonjwa aliyekata tamaa hana nguvu za kupima maneno, na kwa hiyo ni wajibu wa mwenye kutangaza kuyapima kwanza.

Maelfu walichomwa sindano. Wengi hawakupona, na wengine walikufa. Profesa Rudolf Virchow alipopasua maiti aliona vijidudu vimeenea mahali papya mwilini. Mnamo Januari 1891 Koch alieleza kuwa dawa ile, iitwayo tuberkulini, ni maji yaliyokamuliwa katika vijidudu vyenyewe vya kifua kikuu. Haikuwa dawa ya kuponya. Baadaye ilifaa kwa kazi nyingine, yaani kujaribia katika ngozi kama mtu amewahi kuingiwa na vijidudu hivyo. Lakini Koch hakuwa ametimiza uthibitisho aliowadai wengine.

Mwaka 1891 alipewa chuo chake cha magonjwa ya kuambukiza huko Berlin. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika, akaoa tena mwaka 1893. Mwaka 1901, katika mkutano wa London, alikosa tena aliposema kwamba kifua kikuu cha ng'ombe hakimdhuru mwanadamu ila kwa nadra. Uchunguzi wa wengine ulionyesha kwamba maziwa mabichi yaweza kumwambukiza mtu, hasa mtoto, na ndiyo sababu twafundishwa kuyachemsha.

7. Safari zake katika Afrika ya Mashariki

Mwishoni mwa mwaka 1896 aliitwa Afrika ya Kusini kwa ajili ya sotoka, ugonjwa uliokuwa umekwisha kuwamaliza ng'ombe wa nchi zetu. Kutoka huko alipitia India, na mwaka 1897 akafika Dar es Salaam, katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani. Huko alichunguza malaria na magonjwa ya ng'ombe. Tena kulikuwa na ugonjwa wenye kuua katika Kiziba, upande wa Bukoba, nao uligunduliwa kuwa ni tauni, ambayo kijidudu chake kilikuwa kimejulikana tangu mwaka 1894 huko Hong Kong.

Mwaka 1905 alirudi. Safari hii alishughulika na homa ya papasi, ambayo kila msafiri wa njia ya Tabora na Ujiji aliijua. Homa hupanda siku chache, hushuka kana kwamba mtu amepona, kisha hurudi, na hurudi tena. Kijidudu chake ni cha lile umbo la uzi wa parafujo, na mtu akitoa damu wakati homa imepanda, nayo ikatiwa rangi, huonekana kimelala katikati ya chembe za damu. Papasi hujificha katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu, naye huuma usiku. Koch aliwakuta papasi wenye vijidudu katika nyumba za njia ya misafara. Akapasua mayai ya papasi, akaviona vijidudu hata humo, maana yake mama huwarithisha watoto wake, na nyumba yaweza kuwa na ugonjwa ijapokuwa mgonjwa ameondoka zamani. Tena aliona kwamba wenyeji wa mahali hapo waliugua kidogo kuliko wageni, kwa kuwa walikwisha kuupata utotoni.

Wakati huo huo waganga wawili, Joseph Everett Dutton na John Todd, walikuwa wakichunguza homa hiyo hiyo upande wa Kongo, na wote wawili iliwapata. Dutton alikufa Kasongo, katika Manyema, mwezi wa Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu hicho leo huitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii. Koch alirudi Ulaya, na mwezi wa Desemba 1905 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

8. Malale

Siku zile malale yalikuwa yameangamiza watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma Koch, naye akiwa na umri wa miaka 62 akapiga kambi katika visiwa vya Ssese. Kijidudu cha malale si bakteria. Kiko katika jamii nyingine ya viumbe vya chembe moja, chembe yake ina kiini kamili, nacho huletwa na mbung'o. Kwa hiyo hakikuwezekana kuoteshwa kwa njia zake za agari.

Wagonjwa walimjia zaidi ya 1,000. Aliwachoma sindano ya atoksili, dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu. Mwanzoni wengi walipata nafuu, hata waliokuwa wakibebwa wakasimama. Lakini nafuu haikudumu, vijidudu vilirudi katika damu. Akaongeza kipimo. Ndipo wagonjwa zaidi ya ishirini wakapofuka macho, wala macho yao hayakufunguka tena. Aliacha kipimo kile kikubwa, lakini atoksili yenyewe iliendelea kutumika. Vitabu vingi vya maisha yake hupita hapa upesi. Sisi haifai tupite upesi, kwa maana waliopofuka walikuwa watu wa nchi zetu, waliokuja kwa kumtumaini.

Aliporudi kwao mwaka 1907 alishauri wagonjwa wakusanywe katika kambi, vichaka vya pwani vifyekwe, na mamba wauawe, akidhani mbung'o huishi kwa damu yao. Shauri hilo lilifika huku kwetu. Mwambao wa Ziwa Tanganyika nao ulikuwa na malale, hasa upande wa kaskazini, na waganga Wajerumani walijenga kambi huko, kama ile ya Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura. Watu walipimwa tezi za shingo, waliokutwa na ugonjwa walitengwa na jamaa zao na kutiwa sindano zenye maumivu, na wengi walitoroka. Msaidizi wake Friedrich Karl Kleine, aliyebaki Afrika ya Mashariki, alionyesha mwaka 1909 kwamba kijidudu hukua ndani ya mbung'o siku nyingi kabla ya kuweza kuambukiza. Kufyeka vichaka kulisaidia, ila atoksili haikuwa dawa ya kumaliza malale.

9. Mwisho wake, na yaliyobaki

Robert Koch alikufa kwa ugonjwa wa moyo huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamewekwa katika chuo chake cha Berlin, ambacho sasa kina jina lake. Tarehe 24 Machi kila mwaka ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani, ukumbusho wa siku aliyosoma habari zake mwaka 1882. Dawa ya kweli ya kwanza, streptomaisini, haikupatikana hata mwaka 1943, miaka 61 baada ya kijidudu kujulikana. Kumjua adui hakukutosha kumshinda, lakini bila kumjua dawa hiyo isingalipatikana kamwe.

Leo vijidudu hupangwa pia kwa kusoma maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe zao, na kanuni zake zimerekebishwa. Walakini jambo kubwa alilofundisha linasimama: kila ugonjwa wa namna hii una kijidudu chake, nacho chaweza kuonyeshwa. Alipoishika kanuni hiyo aliwaokoa watu asiowajua, hata watoto wa Kagunga waliozaliwa miaka mia baada yake. Alipotangaza kabla ya kuthibitisha, wagonjwa ndio waliolipa, wale wa Berlin kwanza, kisha wale wa Ssese.

Basi, ndugu zangu wa mwambao, tusione uchovu wa kuchemsha maji ya ziwa au kuyatia dawa, wala wa kujenga choo mbali na ufuko. Mwenye kikohozi cha majuma mawili apeleke makohozi yake hospitalini, na akipewa dawa azimalize zote, hata akijiona amepona. Na mtu akisimama sokoni Ujiji au penginepo, akisema anayo dawa iponyayo kila ugonjwa, tumwombe kwa upole atuonyeshe uthibitisho. Ikiwa Robert Koch mwenyewe alipaswa kuulizwa hivyo, hakuna aliye mkubwa hata asiulizwe.